Shikamoo Uliyoipokea kwa Mikono

Bibi yangu,

Huko uliko naamini hakuna mlima, kwa hiyo magoti yako yamepumzika. Yangu ndiyo yanayolia sasa. Tangu tukuzike nimehama Moroni, nimefunga cherehani yangu kule mtaani Badjanani, nakaa hapa kwako shambani juu ya Mutsamudu. Mimi, fundi wa nguo, nisiyejua hata jembe linashikwaje! Cheka tu, najua unacheka.

Unaikumbuka siku yetu ya kwanza? Nilikuwa natoka Unguja nilikozaliwa, nimefika mlangoni kwa mama yake baba yangu, nikainama kwa adabu zangu zote: "Shikamoo, Bibi!" Nawe shikamoo huijui, Kiswahili hukuwahi kujifunza. Ulisikia "shika" tu, ukaninyang'anya kikapu. Lo! Nikajisemea, bibi gani huyu, salamu haitikii na mzigo anapokonya? Kisha nikakupa kanga niliyokuletea, ukasema, "Marahaba." Alhamdulillahi, nikasema moyoni, jibu limechelewa lakini limefika. Zilipita siku nyingi kabla sijajua kwamba kwenu marahaba ni ahsante. Basi ikawa mchezo wetu mpaka mwisho: kila nikikuamkia unanyoosha mikono upokee mzigo, hata kama sina kitu.

Sasa nikupe habari. Bendera ya Mfaransa uliiona ikishuka, lakini haya ya vijana hukuyakuta. Siku hizi kamati za vijana ndizo zenye amri, na wengine hata ndevu hawajaota. Walipanda wakaniambia nyumba yako hii ya wageni ni ufahari wa mabwana, wataigeuza ghala. Ghala, Bibi! Chumba kile ulichokuwa unakifukiza udi kabla mgeni hajafika! Nililia mbele yao, wala sikuona haya. Nyumba hii ikienda, wewe nitakukuta wapi?

Mwenyekiti wao ni msichana wa mjini, Zaitun, sauti yake kali, hacheki ovyo. Nikamwambia, "Haya mwanangu, ichukueni. Lakini mzungushwe kwanza, kama mgeni yeyote wa nyumba hii." Akakubali. Nadhani alichoshwa na kilio changu.

Nikawapitisha njia yako ile ile. Tulianza kwenye milangilangi uliyoikata ikakaa mifupi, ili wachumaji wafikie maua bila kupanda. Tukashuka mtoni, wote wakavua viatu wakalowesha miguu, maana uliwahi kusema mgeni mwenye miguu mikavu bado hajafika. Kisha tukapanda mgongo wa mlima, pale unapoiona ngome na mizinga yake, na mji umebanana chini. Wakasogeleana, kila mmoja akitafuta paa la kwao. Wamezaliwa kwenye vichochoro vile, kumbe hawajawahi kuutazama mji wao kutoka juu! Mwisho nikawateremsha pwani, kwenye msikiti ulioanguka paa na yale makaburi ya zamani yaliyoandikwa mawe yake.

Na kila mahali nilifanya ulivyofanya wewe, nikawatambulisha kwa majina. Niliuambia mti, nikauambia mto: huyu ni fulani, mtoto wa fulani. Wakanicheka, wakasema mama huyu ana ushirikina. Nami nikacheka nao, maana hata mimi nilikucheka hivyo hivyo. Lakini tulipofika makaburini, kabla sijafungua mdomo, Zaitun akasogea mbele akajitaja mwenyewe. Alitaja jina lake, la mama yake, na la bibi yake. Ile sauti kali sikuisikia tena.

Walirudi hoi, wakala mihogo ya nazi na samaki mpaka sufuria ikang'aa. Zaitun akanawa mikono, akasema ghala watatafuta kwingine. Nyumba ibaki ya wageni, ila nisichague watu, nimpokee yeyote atakayepanda. Nikamjibu mwenye nyumba hajawahi kuchagua. Akasema, "Marahaba, Koko," yaani ahsante, Bibi, nami sikujua kama aliniambia mimi au wewe.

Wa kwanza amefika jana. Ni muuguzi kutoka Pemba, anafanya kazi hospitali ya Hombo, kaja kupumzika. Alisimama mlangoni jasho linamtiririka, kikapu mkononi, akapiga goti kidogo: "Shikamoo, Mama."

Miaka yote hii hapa visiwani hakuna aliyeniamkia hivyo. Nilitaka kumwitikia kwa mdomo. Mikono ikatoka yenyewe, ikampokonya kikapu. Wallahi, alinitazama kama nilivyokutazama wewe siku ile.

"Marahaba," nilimwambia baadaye, bado nimekikumbatia kikapu chake. Sijui nilikuwa namwitikia au namshukuru.

Kesho namzungusha. Tutapita kaburini kwako nimtaje jina, na kila atakayekuja baada yake nitamleta umjue, ilimradi magoti yanibebe. Mungu akulaze pema, Bibi.

Shikamoo. Mikono najua umeshainyoosha.

Mjukuu wako wa Unguja