Kaseti ya Pasaka: Kumkumbuka Mzee Laurenti Likwata wa Mitwero Jazz

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ulipokula ugali wa mchana, ukaegemeza gita ukutani, ukasema unajinyoosha kidogo. Hukuamka.

Tuna habari nyingi za kukupa mpaka zinagongana mlangoni. Mikorosho yako ya Kiranjeranje imezaa kuliko mwaka ule uliosema haitazaa tena. Binti yako Happiness amemaliza chuo, kavaa joho, picha tumeitundika pale ulipokuwa unatundika kofia. Haruna, mpiga ngoma wako, kang'olewa jino la mbele na sasa kila akisema "samba" anapiga mluzi. Lakini habari kubwa kuliko zote ni ya Mama na kaseti, na hiyo tunakuja nayo polepole, maana ukipewa habari kwa haraka ulikuwa unasema, "Anza tena, kwa mapigo yake."

Kwa wanaosoma na hawakukujua: wewe ni yule kijana wa Kipatimu aliyejifunzia gita misheni, akateremka Lindi mwaka 1972 na mashati mawili, akaunda Mitwero Jazz. Magita matatu, ngoma, na saksafoni moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Msimu wa korosho mlizunguka vijijini mkipiga bugi, dansi la alasiri, na wazee waliokuja kuwafuata mabinti zao wakabaki kucheza. Nyimbo nne mlizorekodi Dar mwaka 1979 bado zinapigwa redioni Jumapili mchana.

Hukumgombeza mpigaji hata siku moja. Mtu akikosea, uliacha kupiga, ukatazama viatu vyako mpaka ajirekebishe. Haruna anasema afadhali ungemtukana.

Bendi ilipovunjika hukuacha kutunga. Ulihamia jikoni. Kila wimbo mpya ulimpigia Mama akiwa anapika, kinasa sauti kiko juu ya ndoo ya unga, na kabla ya kupiga ulitaja tarehe na mahali kama vile upo studio. Hukumwuliza kama ni mzuri. Ulisikiliza mwiko. Mwiko ukisimama, wimbo umepita. Mwiko ukiendelea kugonga sufuria, ulishukuru, ukauchukua wimbo wako ukaenda kuupika tena.

Sasa, Baba, siku ile uliyotuacha ulimpigia wimbo. Asubuhi ulituambia unao mmoja wa kumwonyesha. Ukaingia jikoni, ukatoka, ukala ugali uliokuwa na madonge, sahani nzima, hukusema neno. Ukaenda kujinyoosha.

Mama hakujua ulikuwa wimbo gani. Hiyo ndiyo iliyomkalia mwaka mzima. Hakulia msibani, hakulia kwenye arobaini. Wageni walimwambia "pole" naye akajibu "zimefika," akawauliza kama wamekula. Redio aliifunika kitambaa. Siku moja jirani alifungulia yake, zikasikika nyimbo zenu za 1979. Mama aliinua kichwa akasema, "Ni wale," kama anayetaja watu wa mtaa wa pili, akarudi kwenye kunde zake.

Miezi ilipita ndipo akasema. Alikuwa anaanika dagaa.

"Aliniimbia, nami nahangaika na ugali. Sikusikiliza hata neno."

"Labda ulisimama, Mama, hukumbuki," Happiness akamwambia.

"Ningekumbuka. Miaka arobaini na minne mtu ananisubiri nisimamishe mwiko. Siku ya mwisho nikamwacha anasubiri."

Aligeuza dagaa upande wa pili. Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuagiza chumvi.

Happiness akasema jambo hilo halina ubishi, kaseti itasema yenyewe. Akapanda kwenye stuli kutazama juu ya kabati, pale lilipokuwa boksi lako la viatu. Halikuwepo.

"Mama, kaseti za Baba ziko wapi?"

"Za baba yenu sijui. Zilizokuwa pale ni za kwaya. Nilimpelekea Mwalimu Benedicto wa kwaya kule Kipatimu baada ya arobaini, wale wana shida ya kaseti."

Kaka yake Damiani aliweka kikombe chini.

"Mama. Hizo za kwaya ndizo za Baba."

Unajua mwenyewe ulichofanya, Baba. Tangu bendi moja iibe wimbo wako kwa kusoma jina tu juu ya ganda la kaseti na kuichukua, hukuandika tena jina juu ya kaseti. Ulinunua kaseti kuukuu za kwaya sokoni, ukaziba matundu ya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili zirekodi, ukarekodi juu yake na kuzirudisha kwenye maganda yaleyale. Pasaka. Noeli. Kipaimara. Damiani alijua kwa sababu ndiye uliyekuwa unamtuma kutafuna karatasi. Mama alikaa na kinasa chako jikoni miaka yote hiyo na ganda hakuwahi kulishika, maana boksi ulilipanga wewe, na likipigwa vumbi ulilipiga wewe.

Mama akasema, "Basi nimemtoa nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza kwa jeneza, mara ya pili kwa boksi la viatu."

Jumamosi iliyofuata Damiani na Happiness walipanda Kipatimu kwa pikipiki, na njia ni ileile uliyoitungia wimbo wa matusi ya heshima. Mwalimu Benedicto walimkuta nje ya kanisa anafunga kamba ya kiatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya zile kaseti," akasema, bado ameinama.

"Ulizisikiliza?"

"Tulikaa watu ishirini, nimewaambia watulie, tunasubiri Aleluya. Ikaja rumba."

"Mkazima?"

"Tungezimaje? Mama Sixbert alishaanza kutikisika."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nilijua ni wosia. Mtu haletewi rumba ndani ya ganda la Pasaka kwa bahati mbaya." Kisha akasimama wima, uso ukambadilika. "Ila kuna jambo, wanangu. Noeli ilipokaribia, kaseti za mazoezi zilituishia. Tatu tumezirekodia juu. Nisameheni."

Kaseti zilikuwa kumi na moja. Zilibaki nane, na wimbo wa Mama haukujulikana uko wapi. Walikaa sakristiani kutafuta tarehe yako mwanzoni mwa kila moja. Ya kwanza ilikuwa ya miaka mitano nyuma. Ya pili ilikuwa ya kwaya, soprano wanasaka sauti. Damiani alikuwa anafuta mikono kwenye suruali kila anapobadilisha. Walipofika kwenye Pasaka, Mwalimu Benedicto akasema, "Hiyo hatukuigusa. Wanakwaya walikataa, hiyo wanaipenda."

Wakabonyeza. Ukasema tarehe. Ilikuwa yenyewe. Wakaizima hapohapo, Baba. Walitaka Mama awe wa kwanza kati yetu kuusikia.

Jumapili mchana tukakaa jikoni. Haruna alikuja na kanzu yake nyeupe, akakaa juu ya ndoo ya unga kwa kukosa kiti.

"Shemeji," akamwambia Mama, "huyu mume wako alinifukuza bendini mara nne. Ya tano nilikuwa naisubiri."

"Usingeisubiri sana," Mama akasema. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachambua.

Damiani akabonyeza. Ukaja, Baba. Tarehe, na "jikoni, Mitwero," na kikohozi chako. Gita likaingia, na nyuma yake mwiko: ko, ko, ko, unasonga ugali.

"Mnasikia?" Mama akasema bila kuinua macho. "Napika tu."

Ubeti wa kwanza ukapita, mwiko unagonga. Wa pili ukapita, mwiko unagonga. Haruna alikuwa anatazama viatu vyake. Vidole vya Mama viliendelea, punje nzuri huku, mawe kule.

Ubeti wa tatu ukamtaja yule kuku. Kuku wa mama yake, ambaye Mama alimbeba kwapani siku mliyoteremka kutoka Kipatimu mmeoana, akakataa kumpa mtu yeyote amshike, hata wewe. Ulipomtaja kuku, mwiko ukasimama.

Gita likaendelea lenyewe mpaka mwisho. Hakuna sauti nyingine jikoni mle, si ya mwiko, si ya mtu. Kisha wewe, kwa sauti ya chini, hukuwa unamwambia yeyote: "Umepita huu."

Mashine ikakatika.

Mama alikuwa ameshika punje moja. "Rudisha nyuma," akasema.

Damiani akarudisha. Tukasikiliza tena mpaka mwiko ukasimama. Akasema arudishe tena. Mara ya tatu hakungoja wimbo uishe. Aliweka ungo chini, akatazama lile jiko lisilo na moto.

"Ndiyo maana ugali ulikuwa na madonge," akasema. "Naye akala wote."

Hakulia, Baba. Lakini jioni ile tulikuta kitambaa cha redio kimefuliwa, kimeanikwa kwenye kamba.

Misa ya kukuombea itasomwa Kipatimu Jumapili hii saa nne asubuhi. Kwaya imeomba kuimba wimbo wako baada ya baraka, nje ya kanisa, na Mama ameruhusu, ila ubeti wa kuku usirukwe. Haruna atakusomea dua Ijumaa, yeye na wazee wenzake.

Unakumbukwa na mke wako Getrude. Wanao Damiani, Grace na Happiness. Mdogo wako Optatus. Wajukuu wako wote. Haruna na Stefano, waliobaki wa Mitwero Jazz. Mwalimu Benedicto na wanakwaya wake. Na majirani wa Mitwero.

Kumbukumbu yako haitatutoka siku zote za maisha yetu, Baba. Wimbo ulipita.