Simu Moja Tu Ukumbini

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Swabir kaja kula mchana, simu mpya mkononi. Eti inaipiku kamera yangu! Kakangu huyu kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni hotelini Diani, lakini akishika simu huwa profesa. Nikamwambia tushindane. Tukamrekodi mama uani, kisha akikaanga bajia jikoni – yeye kwa simu, mimi kwa kamera kubwa – kisha tukatazama zote mbili kwenye TV ya sebuleni.

Uani penye jua sikuona tofauti. Nakiri humu tu, maana hamsomwi na mtu. Lakini jikoni penye giza, simu ikachemsha. Moshi umekuwa chengachenga, na uso wa mama umelainika kana kwamba kapakwa unga. Kamera yangu imenasa hadi jasho juu ya mdomo. Nikaringa.

Nikaringa dakika mbili. Mama akauliza, lile doa pembeni ni la nini? Doa lipo mwanzo hadi mwisho. Nimeimulika lenzi kwa tochi. Ukungu! Umeota ndani, nyuzi nyuzi. Hewa hii ya Msambweni inakula kila kitu. Na Jumamosi nina kazi ya kurekodi kupamba, sherehe ya kumpamba bi harusi, binti wa Bi Hanifa, Majoreni.

Jumanne, 9 Desemba

Fundi wa Mombasa anataka siku kumi.

Nimetafuta wa kuniazima lenzi. Wenye nazo wote ni wanaume, na Desemba wote wako kazini. Wao wenyewe hawawezi kuja badala yangu, hata wakifumba macho. Kupamba ni ya wanawake pekee. Buibui zinavuliwa, vichwa viko wazi, watu wanacheza mpaka wachoke. Ndiyo maana mlangoni huwekwa beseni, na kila mgeni hutia simu yake humo. Hakuna anayetaka kesho kujiona kwenye simu ya shemeji ya mtu.

Mimi ndiye ninayepita. Kamera yangu haina laini wala intaneti. Kazi ikiisha, mama wa bi harusi ananiaga kwa amani. Sasa nipite na simu?

Jumatano, 10 Desemba

Nimempigia Bi Hanifa. Shikamoo, habari za maandalizi, kisha nikasema kweli yote. Akasema nije na hiyo simu, lakini laini nitaitoa mbele yake na atakaa nayo yeye. Allah amlipe kheri.

Swabir amekubali kuniazima simu yake, maana yangu kamera yake mbovu. Atatumia kabambe yake ya zamani, ile ya vitufe, yenye laini nyingine. Kanishauri nirekodi kwa kiwango cha kawaida, kinatosha. Mie? Nimeweka cha juu kabisa! Sitaki kusikia Mwanaima ameshuka.

Jumamosi, 13 Desemba

Miguu inaniwaka moto, lakini niandike.

Mlangoni shangazi wa bi harusi kaninyooshea beseni. "Na yako, mwanangu." Nikaeleza. Hakutaka kusikia. Akaja Bi Hanifa, nami nikaitoa laini mbele ya wote, akaifunga kwenye pindo la leso yake. "Huyu namdhamini mimi," akasema. Shangazi akasogea, uso umemkunjamana.

Nusu saa nzima wanawake walinigeuzia mabega. Kamera kubwa hawaiogopi, ila simu wanaijua. Kisha chakacha ikapamba moto, wakanisahau. Nimeomba taa mbili zaidi, maana nishajua udhaifu wa simu gizani. Bi harusi katoka na hina hadi viwikoni, na simu imeichukua vizuri! Wallahi vizuri. Alhamdulillahi.

Jumapili, 14 Desemba

Ukunda, kwa Swabir. Hesbon, anayeishi naye, kanitilia soda. Video zimechukua saa nzima kuhamia kwenye kompyuta yangu. Nimezifuta simuni moja moja, nikamrudishia Swabir simu yake. Kazi safi. Nalala.

Jumatatu, 15 Desemba

Ya Rabbi.

Asubuhi mama anacheka peke yake. Swabir kampigia: Hesbon anaomba bajia, tangu alipomwona akizikaanga kwenye TV yao! Nikauliza, TV ya wapi? Mama akasema, kwani hujui? Vya kwenye simu ya Swabir vinaingia vyenyewe kwenye akaunti yake, na TV ikikaa bure inavionyesha, kimoja baada ya kingine.

Nikakaa chini. Laini tuliitoa – lakini nyumba ile ina waifai! Simu inaijua, haikuhitaji laini ya mtu. Na jana ilikaa pale saa nzima, mimi nikinywa soda.

Swabir hapokei. Nimetoka na viatu vya mama.

Hesbon kafungua mlango. "Aki siste, mbona unahema hivyo?" Nyuma yake TV inapita. Ufuo. Viatu vya Swabir. Paka. Nikaketi. Mama na bajia zake. Kila kioo kilipoingia giza nilishika roho. Keki. Gari la mgeni. Paka tena. Hesbon akauliza aniwekee mpira? "Usiguse!" Masikini, akarudi jikoni kwake polepole.

Ilizunguka ikarudi kwenye ufuo. Hakuna mwanamke hata mmoja. Bado sikuamini.

Saa kumi Swabir akarudi, akafungua akaunti. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo sana, na video yangu ya kwanza peke yake ilikuwa kubwa kuliko nafasi yenyewe. Ikakwama, na nyingine zote nyuma yake. Halafu nikazifuta. Haikupanda hata moja! Ningerekodi kwa kiwango cha kawaida, kama alivyonishauri – hapana, siandiki. Kiburi changu leo kimenifaa. Nimelia, nimecheka, nimekula sima ya Hesbon sahani mbili.

Jumatano, 17 Desemba

Majoreni, sebuleni kwa Bi Hanifa. Naandika haraka.

Nilikuja kumkabidhi flashi na kumweleza habari ya ile TV. Nimeazimia. Kanidhamini, ana haki ya kujua. Lakini hakunipa nafasi, akaichomeka kwenye TV yake papo hapo. Akaweka na ya harusi ya binti yake mkubwa, ile niliyoichukua kwa kamera kubwa mwaka jana, azilinganishe. Kaipenda ya simu! Nyuso laini, anasema, ile nyingine inahesabu makunyanzi. Sijui nifurahi au ninune. Nimefurahi.

Kisha akasema dada yake yuko Muscat, hakuweza kuja, anaumwa na hamu. Niirekodi hiyo TV kwa simu yangu, kidogo tu, pale wanapocheza, nimrushie. Yule naye amrushie binti yake.

Nimemtazama. Alikuwa anatabasamu. Kwenye kioo wanawake arubaini na zaidi, vichwa wazi, na yule shangazi wa beseni katikati akikata kiuno.

Nikamwambia simu yangu imezima, chaji imeisha. Ina asilimia sitini.

Akanipa pole, akaingia ndani kunitafutia chaja.