Herufi Zilizokataa Kukua

2 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti limepoa. Mimi mzima, ila kazi ya huku inanikausha. Nikitoka ofisini nabaki na akili ya kufungulia mlango tu.

Programu ya masijala ya hospitali yenu imefika kwa daktari mkuu na imeshawekwa kwenye kompyuta ya kaunta yako. Kama tulivyokubaliana, sura ya skrini umeichora wewe, visanduku, vitufe, herufi. Mimi nimeandika maagizo ya ndani. Mchoro wako ni faili peke yake. Programu kila inapofunguliwa huusoma na kuuonyesha kama ulivyo. Kwa hiyo herufi zikikuchosha, usinisubiri. Zikuze nyumbani kwenye mchoro, beba faili kwenye flashi, iweke kazini mahali pa ile ya zamani, fungua programu. Basi.

Najua daktari mkuu amesema ukiiweza kompyuta utabaki, usipoiweza ukapumzike. Utaiweza. Hiyo miaka miwili iliyobaki utaimaliza kwenye kiti chako.

Binti yako

19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Goti hulalamika asubuhi, ikifika mchana linasahau. Wewe je, unakula? Sauti yako kwenye barua imepungua uzito.

Nakuandikia daftari langu la kumbukumbu likiwa wazi mbele yangu, nisije nikaongeza chumvi. Tarehe 9 nilikuza herufi kutoka 11 hadi 14. Tarehe 12 nikazifikisha 18. Nyumbani zimenona. Nikiketi kaunta, zimekonda tena. Foleni inasubiri, mimi nakodoa macho kama natafuta sindano. Mama mmoja akaniambia, "Mzee, hilo ni jina langu tu, si mtihani." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa mdomo.

Hatua zote nimezifuata kama ulivyoziandika. Nimekosea wapi?

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi, huku mwisho wa mwezi ni vita. Faili ukiiweka mahali pake haina sababu ya kugoma. Ni hiyo miwani yako, Baba! Unayo tangu nikiwa sekondari, na mguu mmoja umefungwa uzi. Nenda ukapimwe macho, usibishe.

Binti yako

16 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na pole na vita. Natumaini mmeshinda.

Nimetii. Tarehe 4 nilikwenda kwa mpima macho. Alibadilisha vioo kidogo, akasema kwa hivi nitasoma gazeti mpaka nilichoke. Nikafurahi. Tarehe 6 nikakuza mchoro hadi 24, nikaupeleka kazini. Hali ni ileile. Nikamwita muuguzi wa chanjo, nikamwambia, "Hebu tazama. Herufi hizi ni kubwa?" Akatazama, akasema, "Za kawaida tu, mzee." Kama 24 kwake ni ya kawaida, na mimi siioni, basi mpima macho alikuwa ananionea haya.

Jana nilisoma 3 mahali pa 8. Nikatoa jalada la mtu mwingine. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeshtuka kusikia ana kisukari. Katika miaka ishirini na sita sijawahi kumpa mtu jalada lisilo lake. Jana sikula.

Kama kuna jambo la kujaribu, niambie. Kama hakuna, niambie pia. Mimi si mtoto.

Baba yako

11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako leo. Ilipoingia niliiona, nikasema nitaisoma nikipumzika, na sikupumzika.

Nilipofika kwenye lile jalada, nikafungua programu niikague. Baba, macho yako ni mazima. Siku tatu kabla ya kuituma, nilipoijaribu kwenye kompyuta nyingine, ilikuwa haiupati mchoro. Nilikuwa nimechoka mno kutafuta sababu. Nikaugeuza mchoro kuwa maagizo, nikaushindilia ndani ya programu, nikajiambia nitarekebisha Jumapili. Jumapili nikalala. Kisha nikasahau, nikakuandikia kana kwamba nilirekebisha.

Programu haijawahi kuifungua faili yako hata mara moja. 14, 18, 24, zote zimekaa pembeni. Muuguzi alikuambia kweli: alikuwa anaona 11 ile ya mwanzo, kama wewe. Na mimi nikakutuma kwa mpima macho.

Nimetuma iliyorekebishwa leo. Sasa inasoma mchoro wenyewe. Daktari mkuu nimemwandikia kwamba kosa la jalada ni langu. Tafadhali usimwambie neno lolote la kuacha kazi. Nijibu, hata neno moja.

Binti yako

14 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na goti sasa lina nafasi ya kutosha ya kupumzika.

Tarehe 31 Machi nilipeleka barua ya kuacha kazi. Ulipokaa kimya, nilidhani unatafuta maneno ya upole. Daktari mkuu aliisoma mara mbili, akauliza, "Una hakika, mzee?" Nikasema ninayo.

Juzi nilirudi kwake. Alikuwa ameshaisoma barua yako, akasikitika, si kwa kujifanya. Lakini yangu imeshakwenda makao makuu na kiti kina mtu. Ni dada mmoja mcheshi, ana mikono myepesi. Tuliifungua programu mpya pamoja. Niliyasoma majina nikiwa nimesimama mlangoni, yote, hadi la mwisho.

Dada akasema, "Babu, sasa hii ni skrini au bango la duka?" Ana haki. Kwa 24 anaona wagonjwa wanne tu kwa mara moja, na foleni unaijua. Nikarudi nyumbani, nikazishusha herufi hadi 11, asubuhi ya leo nikampelekea faili.

Zilibadilika mara moja, mbele ya macho yangu. Programu yako inafanya kazi, mwanangu. Pumzika sasa.

Baba yako