Kijito cha Kwa Ngabo

Karibu na Karuba, tarehe 14 Machi

Ndugu yangu Niyigena,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mkeo Umuhoza na watoto, na zaidi ya wote baba yako, Papa Hakorimana. Kifua chake kinaendeleaje? Baridi ya kambi ya Kashuga haimhurumii mzee anayelala chini ya turubai. Sisi tupo, tunapumua. Mke wangu Verdiane anawasalimu, ingawa hajui yote ninayokuandikia. Mama Myriam anayekuletea barua hii amebeba pia kifuko cha maharage. Ni machache, yapokeeni. Ningekupigia simu, lakini sauti ingenishinda.

Barua yako ilifika. Umeniomba kile kitabu nilichowaandikia watoto wa darasa la sita, historia na jiografia ya bonde letu, ili Papa akionyeshe mbele ya tume ya mashamba. Unasema tume inataka karatasi, na kwamba mwalimu Magloire aliandika yote. Ni kweli, nilitembea na Papa siku tatu baada ya masomo, kabla hamjakimbia. Alinionyesha kwa fimbo mto unakotoka kwenye malisho ya ng'ombe, unavyozunguka kilima cha kanisa, hadi unakoteremka kwenye msitu upande wa Ntoto. Vijito vyote vinavyoingia humo alivitaja kimoja kimoja kama mtu anayetaja watoto wake.

Tulipofika kijito cha Kwa Ngabo akasimama. Akaniambia kwamba Ngabo, babu yake, ndiye aliyechimba mfereji pale kwa jembe mpaka maji yakafika kwenye maharage, na tangu hapo bonde zima, watu wa kwetu na wa kwenu, wakawa wanasema wanaenda kuchota maji Kwa Ngabo. Kaburi lake liko juu kidogo, chini ya mti wa muvumu. Kisha Papa akacheka, akaniambia: "Andika muzuri, mwalimu. Muntu anakufa, kitabu inabakia."

Niliandika vizuri, kurasa kumi na nne na ramani moja. Mwezi mmoja baada ya ninyi kukimbia, Papa Byamungu, mkubwa wa kamati ya wazazi, akaja ofisini na vijana wawili ambao hawakunisalimu. Aliisifu ramani, akausifu na mwandiko wangu. Halafu akaweka kidole juu ya jina la Ngabo, akasema ukurasa huo ungeleta matatizo kwa watoto. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama naipenda kazi yangu.

Nikafuta. Palipokuwa Kwa Ngabo nikaandika Kijito cha Pili. Pale alipozikwa babu wa baba yako, nikaandika kwamba ng'ambo ya kushoto ilikuwa pori lisilo na watu. Kitabu kikapigwa fotokopi, watoto wakakikariri. Ukurasa wa zamani ungekuwepo ningekutumia, lakini Verdiane aliutumia kuwashia moto wa jikoni, na nilimwona, nikamwacha.

Nilijidanganya kwamba ni maneno tu, mkirudi nitayasahihisha. Wiki iliyopita nikamuuliza mwanafunzi wangu Cindy kwa nini amechelewa. Akanijibu: "Mwalimu, nilitoka kuteka mayi ku Kijito cha Pili." Mama yake amezaliwa na kukua akisema Kwa Ngabo. Nilienda nyuma ya darasa nikalia, watoto wakanichungulia dirishani.

Sasa sikia yaliyobaki. Tume unayoingojea imekwisha kuja, Niyigena. Ilikuja Jumanne. Niliijua siku hiyo wiki mbili kabla, na sikukutumia hata neno. Papa Byamungu alifungua kitabu changu, akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti. Mkubwa wa tume akaniuliza kama ni mimi niliyeandika, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa kweli, nikasema ndiyo tena. Haikuchukua hata dakika moja. Jioni mashamba yenu yalikuwa yamegawanywa, na muvumu umewekewa alama ya kukatwa. Maji yakimwagika hayazoleki: methali hiyo nimewapa watoto kama imla miaka kumi na moja, nikihesabu makosa yao.

Utasema niliogopa. Niliogopa, ni kweli, na ningependa niishie hapo. Lakini mwoga hukimbia, na mimi nilibaki nikala. Tangu msimu uliopita Papa Byamungu amenipa kipande kando ya mfereji, na sikukikataa. Maharage aliyokuletea Mama Myriam yametoka Kwa Ngabo. Umuhoza akiyachambua ataitambua mbegu yake, ile ya madoa mekundu, kwa sababu tuliikuta ndani ya mtungi nyumbani kwenu. Verdiane hajui kwamba nimewatumia.

Usimwambie Papa yametoka wapi. Au mwambie, sijui tena lililo jema. Akikataa kuyala, yapandeni hapo kambini, ingawa Mama Myriam anasema hamna hata mahali pa kupanda.

Wape watoto salamu zangu. Sitegemei jibu. Mungu awalinde mahali ambapo mimi nilishindwa kuwalinda.

Ni mimi niliyekiandika kitabu,

Mwalimu Magloire