Mashavu Yangu Kwenye Gare

Gare ya Kolwezi, 11 Machi 1993

Komredi Kisimba, mwenzangu wa jukwaa na wa chumba kimoja cha chuo,

Pokea salamu za mapambano yetu, ambayo hakuna gavana awezaye kuyafukuza. Natumaini u mzima, na kwamba mama yako Ernestine ameacha kukohoa. Mimi naishi.

Hii ni wiki ya tano tunangoja treni hapa gare, stesheni ya reli. Nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, ambayo baba aliitumikia miaka ishirini na sita kwenye mgodi wa Mashamba, sasa wanalala wengine. Sisi tuliofukuzwa tunalala juu ya kokoto, maelfu, kwa kosa la kuwa na mababu waliozaliwa mkoa mwingine, Kasai. Nilifanya ulichotarajia: nilipanda juu ya pipa, nikahutubia, nikaunda kamati. Tukakubaliana unga wote upikwe pamoja, na anayekula kwa siri ahesabiwe msaliti. Sheria hiyo niliiandika kwa mkono wangu.

Ndiyo iliyonishika. Unazijua figo zangu, na vidonge vya prednizoloni ninavyomeza kila asubuhi kwa mwaka wa pili sasa. Unajua pia vinavyoufanya uso wangu kuwa duara. Chuoni mlinitania kwamba mashavu yamepandishwa cheo. Hapa, mbele ya watoto waliobaki mifupa, Tata Polycarpe, fundi mstaafu wa reli, alinikatiza katikati ya hotuba: “Batu bote banakonda, weye unanona. Unakulaka wapi, mheshimiwa?” Watu wakacheka. Kesho yake hawakucheka. Walisema nalishwa na hao hao waliotufukuza. Neno moja lingenitetea, nalo ni “mgonjwa”. Sikulisema.

Wiki iliyopita nilianguka. Nilitapika, dunia ikazunguka, miguu ikakataa. Wakadhani ni kipindupindu, wakavuta mikeka yao mbali. Kisimba, nimesimama mbele ya umati mara nyingi, lakini sikuujua upweke mpaka nilipolala katikati ya kokoto zile tupu, hatua kumi kila upande, huku watu niliowaita ndugu wakinitazama wameziba pua.

Aliyevuka ni Mama Laurentine peke yake, muuguzi aliyefukuzwa kama sisi. Aliuliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna. Akautazama uso wangu, akaniuliza kadi yangu ya dawa iko wapi. Hapo nikalia.

Nakiri kwako kabla ya wengine: niliviacha vidonge mwenyewe, vyote kwa siku moja, nikavifukia ndani ya kopo la maziwa chini ya kokoto, ili mashavu yapungue na hotuba yangu iaminike. Kadi niliichana. Daktari alikuwa amenionya wazi nisiache ghafla. Mimi niliyesoma matangazo ya kila mtu sikusoma la kwangu.

Mama Laurentine alinichoma sindano ya mwisho aliyokuwa nayo, kisha akafukua kopo kwa vidole vyake. Akanieleza kwamba mwili uliozoea dawa hii muda mrefu husahau kujitengenezea ya kwake; dawa hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari. Nikitapika kidonge, nahitaji sindano upesi. Na lazima aliye kando yangu ajue, aseme siku ambayo mimi sitaweza kusema.

Vidonge vimebaki vya siku tisa. Treni wanasema Jumanne, na njiani hakuna ajuaye. Nenda kwa daktari wangu, umwombe vidonge, sindano na kadi mpya. Umpe Kasimu, mwenye lori, aniletee; yeye huruhusiwa kupita vizuizi. Kwako wewe, usiye na babu wa Kasai, njia ziko wazi. Nasema hivyo bila uchungu. Au tuseme, kwa uchungu mdogo.

Msalimie mama Ernestine, na wote wanaothubutu bado kulitaja jina langu.

Mkutano wetu ni Jumapili, saa nne asubuhi, penye bomba la maji. Nitapanda pipa na mashavu haya haya na kuitaja dawa kwa jina lake. Nimemwomba Tata Polycarpe asimame mbele kabisa: ndani ya behewa, nafasi yake iko kando ya yangu.

Wako daima,
Badibanga