Zamu Yangu ya Kula

Katoyi, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Mwanangu Julie,

Nakusalimia wewe, nawasalimia wajukuu wangu, Kakule na kale kadogo kangu Bénie. Habari za kambi huko Uganda? Mugongo wako je? Usinijibu kwamba muko sawa tu, nimekuuliza mugongo. Mimi miguu ingali inanibeba. Mukono unaoandika hapa ni wa Victoire, tunayechambua naye kahawa mu depo ya Birere. Nimemukataza kupamba maneno yangu.

Tangu mulipovuka mpaka wa Bunagana na magodoro kichwani, kazi yangu ni ile ile: tunakaa wanawake mezani, tunatoa kahawa mbaya, nzuri inabaki. Saa sita ikifika ni pose, saa ya kupumua na kula. Kila mumoja alikuwa anafungua bakuli yake tunaweka katikati, mihogo ya huyu, sombe ya yule, vile visamaki, ndagala za Mwavita zenye chumvi ya kuua. Tuligombania vichwa vya ndagala kama watoto.

Basi mwezi uliopita patron Kasereka, mwenye depo, akatangaza kwamba saa ile hatailipa tena. Alisema pose ni yetu, si yake, na yeye halipi mutu anayetafuna. Wengine wakainamia kahawa yao. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Nikamuuliza, kama ni yetu, kwa nini lango linabaki na kufuli? Na gari ikifika, kwa nini tunaachishwa tonge mudomoni tukashone magunia? Akacheka, akasema mama Kaswera ungekuwa avoka wa mahakamani. Nikamuambia avoka analipwa hata akikohoa.

Kesho yake mu pose, mvua ikashuka ghafla, kahawa imeanikwa inje. Patron akapiga kelele tukafunike. Nikaendelea na muhogo wangu. Nikamuambia, papa, tuko mu saa yetu. Mwavita alicheka mpaka akapaliwa, na hakuna aliyeinuka. Patron akavuta turubai mwenyewe, na vile viatu vyake vya ngozi, matope mpaka kwenye soksi.

Nilifikiri atatufukuza. Lakini kahawa haijichambui. Alituita, akasema tuchague. Saa ile ailipe, lakini pose ya pamoja ife: kila mutu ale zamu yake, mumoja mumoja, mu chumba cha mizani, ili meza isibaki bila mikono. Ama asiilipe, afungue lango, twende kula pamoja tunapotaka.

Wanawake wote waliinua mukono kwa malipo. Wana haki. Victoire amejaza nyumba watoto wa dada yake waliokimbia Masisi, atawalisha hewa? Nami nikainua wangu. Wakanibeba juu, wakaimba, wakaniita mama sendika, mutetezi wa wafanyakazi. Mimi na mifupa hii!

Sasa Julie, nakuambia kitu, na Victoire aandike vile vile, aache kunitazama. Mimi sikupigania malipo. Nilitaka lango lifunguliwe, tukae inje pale juu ya mawe meusi, tuendelee kula mu bakuli moja. Kwa simu nilikuambia majirani wanakuja kula na mimi. Nilikudanganya. Majirani walikimbia nyuma yenu, milango yao imefungwa na waya. Jioni nilikuwa napika tu cha kubeba kazini. Nikijaribu kula hapa, tonge linakataa kushuka, naanza kusikiliza kama Kakule atalilia sahani kubwa. Chakula changu kilikuwa kule depo. Sasa nakaa mu chumba cha mizani, mimi na magunia, nalipwa, na naangalia ukuta.

Usifikiri najuta. Saa ile ni jasho la wale wanawake, na mukono wangu ningeuinua tena.

Lakini nina ombi. Niandikie muchana munakulaka saa ngapi. Victoire anasema saa ya Uganda inatangulia ya kwetu, atanihesabia. Nitaomba zamu yangu iangukie pale pale munapoanza, tule pamoja, ninyi kule na mimi hapa. Bénie aketi kwa mukono wangu wa kushoto kama zamani, na Kakule mupatie ile sahani, asilie.

Wasalimie wote munaochota nao maji. Mugongo, usiufiche. Mungu awafunike.

Ni mimi mama yako mwenye mudomo,
Kaswera

Victoire anakusalimia. Wino ulioharibika hapo juu ni machozi yake, si yangu.