Kifusi Juu ya Mkwaju wa Mama

...na ndiyo maana siwezi kumkasirikia Elia, hata leo. Mwanaume aliyenikubalia kila nilichotaka tangu siku ya harusi, nitamkasirikia vipi?

Jumamosi. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, leo jua limerudi kwa hasira. Mikwaju ya majirani imevaa majani mapya. Wetu, upande mmoja ni vijiti vitupu.

Nikiri hapa, maana kwingine sijathubutu.

Ni mimi.

Kiwanja hiki cha Dodoma alitupa mama mkwe, anayeishi Gulwe, kwa sharti moja tu: mkwaju usiguswe. Chini yake ndipo lilipowekwa jeneza la baba mkwe, watu wakamuaga. Nami kwa furaha nikaupangia bustani kuuzunguka: njia ya kokoto, maua, ukoka, na meza ya watu wawili, mimi na mume wangu mpenzi, tunywe chai kivulini kama tuko fungate maisha yote. Sikukata hata tawi. Nilijiona mkwe mwema kweli.

Ila kiwanja kinateremka, meza ikawa inayumba. Mwanzoni mwa kiangazi mafundi walikuwa wamechimba shimo la choo na udongo umejaa uani, nikasema umwagwe pale chini ya mti, pawe tambarare.

"Mti hautaumia?" Elia aliuliza.

Nikamkumbatia shingo, nikacheka. Akasukuma toroli mwenyewe siku mbili, huku anaimba. Kifusi kikapanda kwenye shina hadi usawa wa kiuno changu. Tukakishindilia.

Leo asubuhi amekuja Baba Neema, muuza miche wa Chang'ombe. Nilimwita alete maua. Hakushusha hata mche mmoja. Aliuzunguka mkwaju, akasimama.

"Bibi harusi, ulitaka bustani au kaburi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mizizi inapumua huku juu, mama. Mti mmeuzika mzima mzima."

Elia akachukua jembe, akafukua mpaka mchana. Gome la chini lilikuwa jeusi, linanuka, likabanduka mkononi mwangu kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Baba Neema akakwangua kwa kisu. Upande mmoja umekufa. Wa pili bado una kijani kidogo.

"Huo tuuombee," alisema, akaondoka na maua yake.

Kisha simu ya Elia ikaita, akaiweka spika. Mama mkwe hupiga kila Jumamosi.

"Mwanangu, mkwaju wangu haujambo? Umeshachipua?"

Elia alinitazama, mikono imejaa udongo. "Haujambo, Mama. Unakusalimu."

Mama akacheka, akafurahi.

Sijawahi kumsikia mume wangu akidanganya. Amemdanganya mama yake, mjane, kwa ajili yangu. Tangu hapo hajaniangalia usoni. Nampenda mpaka kifua kinauma, lakini upendo wa kunifichia hivi siutaki.

Najua atasema tusubiri, huenda utachipua. Nami natamani sana kusubiri. Lakini Jumamosi ijayo simu itaita tena, naye atadanganya tena, na safari hii hatanitazama kwanza.

Mama, kabla Jumamosi hiyo haijafika nitakuja Gulwe. Nitakuamkia, kisha nitakwambia mimi mwenyewe, kabla hujanipa kiti.